Damu Humvisha Kila Mgeni

Mchoro niliokutana nao katika kitabu cha famasia, mwaka wangu wa tatu chuoni, ulikuwa safi mno. Kijipira cha mafuta chenye dawa ndani yake, na juu ya ngozi yake vijiti vyenye ncha kama funguo. Mshale ulianzia kwenye sindano, ukapita kwenye mshipa, ukaishia kwenye uvimbe wa saratani, na pale ufunguo ukaingia katika kitasa chake. Damu yenyewe ilikuwa rangi nyekundu tu ya kujazia nafasi. Kazi yake ilikuwa kubeba.

Niliuamini mchoro ule kwa miaka. Aliyenitoa katika imani hiyo hakuwa mfamasia. Alikuwa mshairi wa Kiholanzi aliyetumia maisha yake ya mchana kutazama damu ikigusa kioo.

Lakini kabla yake alikuwepo Katharine Blodgett, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa fizikia Cambridge, mwaka 1926. Alirudi Schenectady, Marekani, kwenye maabara ya General Electric, alikofanya kazi na Irving Langmuir. Blodgett alijua kutandika tabaka za mafuta juu ya kioo au chuma, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na unene wa molekuli moja. Kadiri tabaka zilivyoongezeka, ndivyo rangi ilivyobadilika. Umeona oili iliyomwagika kwenye dimbwi karibu na gereji, jinsi inavyotoa zambarau, kijani na dhahabu. Rangi zile hazimo ndani ya oili. Huzaliwa na unene wake, pale mwanga unaorudi kutoka juu ya utando unapokutana na ule unaorudi kutoka chini yake. Blodgett aligeuza rangi hizo kuwa rula. Mwaka 1937 Langmuir, pamoja na Vincent Schaefer, alitumia rula hiyo kupima protini zilizonata juu ya bamba kutoka kwenye maji. Jicho liliona rangi ikigeuka, na kugeuka huko kulikuwa ni molekuli zinazotua. Mimi nakihesabu hicho kuwa kihisi cha kwanza cha kibiolojia cha mwanga, ingawa hakuna aliyekiita hivyo.

Sasa mshairi. Leo Vroman alizaliwa Gouda mwaka 1915. Mei 1940, Wajerumani walipoivamia Uholanzi, kijana huyu mwenye asili ya Kiyahudi alivuka hadi Uingereza kwa mashua ya tanga, akazunguka kupitia Afrika Kusini mpaka koloni la Kiholanzi ambalo leo ni Indonesia. Huko alimalizia masomo ya biolojia, na huko Wajapani wakamfanya mfungwa wa vita. Vita vilipoisha alikwenda Marekani. Mchumba wake Tineke, aliyeachana naye siku ile ya mashua, walikutana tena New York mwaka 1947 wakaoana. Kwao Uholanzi anajulikana kwa mashairi. Maabara zinamjua kwa swali moja: damu inapogusa kitu kigeni, nini hutokea kwanza?

Ilijulikana zamani kwamba damu huganda haraka kwenye kioo, na huchelewa kioo hicho kikipakwa nta. Maana yake kuna jambo linalotokea pale mpakani kabla seli yoyote haijafika. Vroman alitumia elipsometa, chombo kinachosoma unene wa utando kwa namna mwanga unavyobadilika ukiakisiwa. Aliweka plazma ya damu juu ya bamba, na utando wa fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ukajitandaza. Halafu akaleta kingamwili zinazoikamata fibrinojeni. Alipowahi kuzileta, utando ulinenepa, maana zilipata cha kushika. Alipochelewa kidogo, hazikupata kitu. Plazma ilikuwa imeifanyia fibrinojeni jambo fulani, na baadaye ikaeleweka kwamba protini nyingine huiondoa na kukaa mahali pake.

Ni kama viti vya mbele kwenye harusi. Wanaowahi hukaa, kisha wenye shughuli hufika na kuwainua. Protini zilizo nyingi hutua mwanzo. Zilizo chache lakini zenye mshiko mkali huja kuzing'oa. Jambo hilo sasa linaitwa athari ya Vroman, na jina hilo nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani bila kuuliza Vroman ni nani.

Chombo kilichofuata kilitoka kwingine kabisa. Mwaka 1902 Robert Wood aliona mistari ya giza kwenye mwanga ulioakisiwa na bamba la chuma lenye michirizi, na hakuweza kuieleza. Mwaka 1968 wanafizikia wa Ujerumani walionyesha namna ya kuliamsha jambo hilo kwa makusudi: unapitisha mwanga kwenye prizimu iliyopakwa dhahabu nyembamba ya takriban nanomita 50, na kwenye pembe fulani mwanga haurudi, kwa sababu elektroni za dhahabu zimeumeza. Kitu chochote kikinata upande wa pili wa dhahabu, pembe ile husogea. Huhitaji kutia rangi wala kuweka alama. Mwaka 1983 watafiti wa Linköping, Sweden, waliitumia kuhisi molekuli za kibiolojia, na mwaka 1990 mashine ya kwanza, Biacore, ikaingia sokoni. Inachora mchirizi unaopanda molekuli zinapotua na kushuka zinapoondoka.

Wakati huo wenye kutengeneza dawa walikuwa wamesonga mbele na vijipira vyao. Mwaka 1995 Doxil, dawa ya saratani ndani ya kijipira cha mafuta kilichovishwa nyuzi za PEG ili protini zisikishike haraka, iliidhinishwa Marekani. Lakini mwaka 2007 kundi la Dublin na Lund liliziunganisha nanochembe kwenye dhahabu ya kihisi na kupitisha protini za damu juu yake. Mchirizi ukaonyesha harusi ileile: albumini na fibrinojeni zikaja upesi na kuondoka upesi, apolipoprotini A-I ikaja polepole na kung'ang'ania. Mtu anaweza kulalamika, na mimi nalalamika, kwamba chembe iliyofungwa kwenye bamba si chembe inayoelea kwenye mshipa. Hata hivyo mfuatano ule ulionekana.

Mwaka 2013 watafiti wa Dublin walizivisha nanochembe transferini, ufunguo ambao vipokezi vya seli huutambua. Bila protini za damu zilitambuliwa. Kwenye majimaji ya damu utambuzi ulipotea, kwa kuwa protini zilikuwa zimezifunika funguo. Niliposoma hayo nilikumbuka mchoro wangu, na nikawafikiria waliotumia miaka kunoa funguo ambazo damu huzifunika mara zinapoingia.

Onpattro, iliyoidhinishwa 2018 kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva, haikubishana na damu. Nyuzi zake za PEG zimetengenezwa ili zichomoke njiani. Kisha apolipoprotini E ya mgonjwa mwenyewe hutua juu ya chembe, na ini, ambalo siku zote huipokea protini hiyo, huipokea pamoja na mzigo wake. Haikutoka kiwandani na ufunguo. Ndiyo maana ini lilifikiwa mapema, na wanaotaka kufika kwenye mapafu au ubongo bado wako mbele ya kipande kile cha dhahabu, wakipitisha plazma na kutazama mchirizi unavyopanda.