Kisu ni mpini, jameni

Anko yangu hupandikiza miche ya avokado huko Murang'a. Siku ya kazi nyingi anakata vikonyo tangu asubuhi hadi jioni, na kisu ni kimoja tu, kidogo, cha kukunja. Ukikiona utacheka: mpini wote ameuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilipomuuliza mbona amekivalisha hivyo, alinyoosha kiganja akanionyesha sugu chini ya kidole cha shahada. "Hiki kinakata mbele na nyuma," akasema.

Hapo ndipo nilianza kusoma historia ya visu vya kukunja, na maoni yangu sasa ni haya: sisi wanunuzi tunadanganywa na bapa. Tunapima makali kwa kidole gumba, tunauliza kama kitashika kutu, halafu mpini tunauangalia rangi tu. Na mpini ndio utakaokaa nao mkononi siku nzima!

Aliyenishawishi zaidi ni kijana wa miaka 18 kutoka Savoie, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa. Anaitwa Joseph Opinel, na mwaka ni 1890. Babake, Daniel, alikuwa mhunzi wa shoka na visu vya kupogolea miti, yaani vitu vya watu kama anko. Joseph naye alikuwa mtu wa mashine. Alijiundia kamera yake mwenyewe, akawa anapiga picha kwenye harusi (mwenzetu kabisa huyo). Visu vya mfukoni alikuwa anawatengenezea marafiki wakati wa mapumziko, na mzee hakupendezwa na hiyo biashara.

Sasa angalia alichofanya. Visu vingi vya kukunja hujengwa kama sandwichi: sahani za chuma katikati, vipande viwili vya mbao, pembe au plastiki huku na huku, kisha ribiti za kushikilia. Kila mahali vitu hivyo vinapokutana kuna ukingo. Mbao ikikauka inasinyaa, chuma hakisinyai, na huo ukingo mdogo uliobaki ndio unaokusugua. Mwanzoni huusikii. Ukifika kikonyo cha mia moja, utausikia.

Joseph akachukua kipande kimoja cha mti, akakipasua mfereji kwa msumeno, akaingiza bapa, akapitisha pini, akaivisha shingo pete ya chuma ili mti usipasuke. Basi. Sehemu nne. Ukishika mpini huo, kiganja hakikutani na ribiti wala kiungo, ni mti mtupu. Katikati umenenepa kidogo, kwa hivyo unajaza kiganja badala ya kukiacha kikining'inia hewani, na mwishoni unatanuka ili mkono usiteleze ukivuta. Mbao yenyewe ni bichi, mti wa kawaida wa Ulaya (si ile bichi ya Diani). Ni ngumu, haina nyuzi kubwa, inalainika vizuri ikipigwa msasa. Hakutafuta pembe za ndovu wala mti wa kifahari.

Kitu ninachokipenda hata zaidi: kufikia 1897 kisu hicho kilikuwa na saizi 12, kuanzia namba 1 hadi namba 12. Kama viatu. Mwenye mkono mdogo ana chake, mwenye kiganja kama sufuria ana chake. Na alipoanza kutengeneza kwa wingi, mashine aliyoibuni ilikuwa ya kutengeneza mipini. Mhunzi, mtoto wa mhunzi, akili yake iko kwenye mbao.

Mwaka huohuo wa 1897, huko Uswisi, Karl Elsener alisajili kile kisu cha maafisa chenye vifaa vingi, ambacho wengi wenu mnakijua kwa rangi yake nyekundu. Simchukii. Lakini kile ni kisanduku cha vifaa: lazima kiwe bapa na chenye tabaka tabaka, kikae vizuri mfukoni. Kufungua kopo, sawa. Kuchonga vijiti saa nzima, kiganja chako kitakwambia.

Halafu kuna hivi vya siku hizi vyenye mabonde manne ya vidole, vinavyouzwa kama vya komando. Hayo mabonde yamechongwa kwa mkono wa nani? Kama vidole vyako ni vinene au vyembamba kuliko vya huyo mtu, unashika matuta badala ya mabonde. Tena ukitaka kugeuza kisu umenye kiazi, mpini unakataa. Mpini wa mviringo haukupangii namna ya kushika.

Msidhani kisu cha Opinel hakina kasoro. Kwa miaka mingi hakikuwa na kitu cha kuzuia bapa lisijifunge kwenye vidole, hadi 1955 ambapo Marcel Opinel aliongeza pete ya pili inayozunguka na kuziba mfereji. Na kikilowa, mti unavimba, bapa linakwama ndani. Watu wa Savoie wana dawa yao: wanagonga kitako cha mpini mezani, bapa linachomoza.

Rafiki mmoja aliniletea namba 8, bapa lake sentimita 8.5. Nikampelekea anko. Akakigeuza mkononi mara kadhaa bila kusema kitu, akakata vikonyo kama thelathini, akaangalia kiganja. Nikajua nimeshinda.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Nilipopiga simu kumuuliza kisu kinaendeleaje, aliniambia ni kizuri sana, ila ameshachoka kukigonga kwenye jiwe ndio kifunguke. Sasa kinakaa jikoni, mke wake anakatia maembe. Yeye amerudia cha tyubu, na ameongeza mzunguko mmoja wa mpira pale penye sugu.