Mali ya Nani? Historia Fupi ya Jina la Mwuzaji Juu ya Gari la Mnunuzi

Sisi walimu wa Kiswahili, tufundishapo ngeli, hatuna budi kusimama kwa muda juu ya neno dogo la kuunganisha: wa, ya, la, cha. Ni silabi moja tu, lakini ndiyo iamuayo kitu ni cha nani. Katika makala haya tutalifuata neno hilo mpaka mahali ambapo vitabu vyetu vya sarufi havifiki, yaani nyuma ya gari jipya.

Katika nchi ya Marekani, mtu anunuapo gari jipya aghalabu hulikuta limekwisha kuandikwa. Mbali na jina la kiwanda, juu ya buti pana jina la duka lililoliuza na la mji lilipo duka hilo. Kibao cha namba nacho huwa kimezungushiwa fremu yenye jina lilo hilo. Mnunuzi hulipa bei yote, kisha akalichukua tangazo la mwenziwe na kulitembeza barabarani miaka kumi bila ya ujira. Wako wasiojali, na wako waanzao kubandua siku ile ile ya kwanza. Hao wa pili huambiwa kwamba wanajisumbua kwa jambo dogo. Sisi twaona kwamba jambo lenyewe si dogo. Historia yake yatuonyesha kuwa maandishi yawekwayo juu ya mali yana aina zake, na kwamba ni vibaya kuzichanganya.

Tuanze na alama iliyo kongwe. Kabla ya kuzuka kwa motokaa, mafundi walioyaunda magari ya kukokotwa na farasi walizoea kupigilia kibao kidogo chenye jina lao. Desturi hiyo ilirithiwa na waundaji wa bodi za motokaa. Ndugu wa ukoo wa Fisher walianzisha kampuni yao ya bodi mjini Detroit mwaka 1908, na mwaka 1926 kampuni hiyo ikamilikiwa yote na General Motors. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye, mtu aliyefungua mlango wa gari la General Motors aliona kwenye kizingiti kibao chenye jina la Fisher na picha ya gari la farasi la kifalme. Alama ya namna hii ni sahihi ya fundi. Yasema: kazi hii ni yangu, na ikiwa na kasoro nilaumiwe mimi. Mnunuzi hapungukiwi na kitu kwa kuwa nayo. Bali amepewa dhamana.

Jina la mwuzaji ni jambo jingine. Mwuzaji hakuliunda gari. Alilipokea kutoka kiwandani akaliuza. Zamani wauzaji wengi wa Marekani walitengenezesha nembo za chuma zenye maandishi ya kupendeza, na ili kuzikaza iliwabidi kuitoboa bodi ya gari jipya. Aliyetaka kuing'oa nembo hiyo alibaki na matundu yanayokaribisha maji na kutu. Basi wengi waliiacha. Baadaye zikaja nembo za plastiki zilizoshikizwa kwa gundi, vikaja na vibandiko vyembamba. Kazi ya kuondoa ikawa nyepesi, lakini swali ni lile lile: ni nani aliyetoa ruhusa ya kuandika?

Iko na aina ya tatu, ambayo inafaa tuieleze kwa urefu kidogo. Katika miaka ya 1950, wauzaji wengi wa magari nchini Marekani walikuwa na hila moja. Bei waliyoitaja ilikuwa imekwisha kuongezwa kwa siri. Mteja alipoleta gari lake kuukuu ili thamani yake ikatwe katika bei ya jipya, mwuzaji alimtajia thamani kubwa ya kumfurahisha, kumbe anamrudishia sehemu ya fedha zake mwenyewe. Mteja alirudi nyumbani akijisifu. Kwa kuwa bei haikuandikwa popote, hakuwa na kipimo cha kuugundua udanganyifu.

Mtu aliyelishughulikia tatizo hilo ni Mike Monroney, Seneta wa jimbo la Oklahoma. Kwa juhudi zake ilipitishwa sheria ya mwaka 1958, iliyoanza kutumika kwa magari ya modeli za mwaka 1959. Sheria hiyo yamlazimisha mtengenezaji kubandika kwenye kioo cha gari karatasi yenye aina ya gari, namba yake, mahali lilipomaliziwa kuundwa, jina la mwuzaji atakayelipokea, namna lilivyosafirishwa, bei inayopendekezwa na kiwanda, bei ya kila kifaa cha ziada, gharama za usafirishaji, na jumla ya yote. Mpaka leo Wamarekani huiita karatasi hiyo kwa jina la Monroney. Baadaye, kutokana na sheria ya mwaka 1975, yakaongezwa maelezo ya matumizi ya petroli.

Lililo muhimu kwetu ni kifungu cha adhabu. Mtu yeyote aiondoaye au kuibadilisha karatasi hiyo kwa kusudi, kabla gari halijafika mikononi mwa mnunuzi wa mwisho, aweza kutozwa faini isiyozidi dola 1,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Na kila gari lahesabiwa kuwa kosa la peke yake. Mwuzaji, ambaye huko nyuma aliandika alichotaka na kuficha alichotaka, amekatazwa kuigusa. Mnunuzi akishapokea gari lake, ana ruhusa kuibandua papo hapo. Jina la mwuzaji limo humo pia, lakini limewekwa ili mnunuzi ajue, wala halikuwekwa ili wapita njia wavutwe.

Je, ikiwa mwenye kuandika ni serikali yenyewe? Swali hilo lilifika mahakamani kutoka jimbo la New Hampshire. Vibao vya namba vya jimbo hilo vilikuwa na maneno ambayo kwa lugha yetu ni: Ishi huru au ufe. Mkazi mmoja, George Maynard, muumini wa Mashahidi wa Yehova, aliona kwamba maneno hayo yapingana na imani yake. Akayafunika. Mwaka 1974 akashtakiwa, akatozwa faini, akakataa kuilipa, na hatimaye akafungwa siku 15. Kesi ilipanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikatoa hukumu mwaka 1977. Mahakama ilisema kwamba serikali haina haki ya kumlazimisha mtu aifanye mali yake binafsi kuwa ubao wa matangazo wa kutembea kwa ajili ya maneno asiyoyakubali. Namba yenyewe ibaki, kwa maana inahitajika kulitambua gari. Lakini wasia si namba.

Twakiri kwamba hukumu hiyo yahusu serikali, wala haimhusu mwuza magari. Baina ya mwuzaji na mnunuzi hakuna mwenye kumlazimisha mwenziwe, na mnunuzi mwangalifu aweza kusharutisha kabla ya kulipa kwamba gari lake lisitiwe nembo ya duka. Hata hivyo, ikiwa dola yenye askari na magereza haikuruhusiwa kukitumia kibao cha gari la mtu kwa maneno yake, mwuzaji mwenye chupa ya gundi atadai haki hiyo kutoka wapi?

Msomaji aweza kutupinga kwa mfano wa kwetu wenyewe. Tangu zamani khanga za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa zimekuwa zikichapwa maneno haya: Mali ya Abdulla. Mwanamke huinunua khanga kwa fedha zake, akajifunga kiunoni, na nguo yazidi kusema kwamba ni mali ya Abdulla! Hakuna aliyekasirika, bali wako watafutao alama hiyo kwanza kabla hawajasoma jina la khanga, kwa kuwa waijua kuwa ni dalili ya nguo njema. Je, si jambo lile lile la nembo ya duka juu ya buti?

La, si lile lile. Alama ya khanga mnunuzi huiona kabla ya kufungua kibindo, na aichagua pamoja na rangi na methali yake. Hapo neno ya limekwisha kugeuka maana: halisemi tena umilikaji, lasema asili. Jina lililobandikwa nyuma ya gari baada ya mkataba, au bila ya mnunuzi kuulizwa, halina ridhaa hiyo. Tofauti ya hayo mawili imo katika ridhaa, wala haimo katika wino.

Huku kwetu Uganda, kama ilivyo kwa jirani zetu, magari mengi hayafiki yakiwa mapya. Hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yakashushwa Mombasa au Dar es Salaam, ndipo yapande bara. Baadhi ya mabasi madogo na magari ya mizigo hufika yakiwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni: jina la duka, anwani, na namba ya simu isiyopigwa na mtu yeyote katika nchi hizi. Tangazo hilo limetenganishwa na mwuzaji wake, na bidhaa yake, na hata na wasomaji wake. Wenye magari wengine huyaacha yawe ushahidi kwamba gari limetoka Japani kweli. Wengine huyafuta na kuandika juu yake jina la Mungu, la mtoto wao, au methali. Wote wamefanya lililo haki yao, maana sasa maandishi ni yao, ya kuacha au ya kufuta.

Kwa atakaye kufuta, njia ni rahisi. Asianze na kisu, maana chuma hukwaruza rangi. Na kwenye kioo cha nyuma wembe waweza kuzikata nyaya nyembamba za kukausha umande. Aipashe gundi moto kidogo kwa maji ya uvuguvugu au kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha apitishe uzi wa mshipi wa kuvulia chini ya nembo, akivuta huku na huku mpaka iachie. Mabaki ya gundi yasuguliwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, paoshwe kwa sabuni, halafu papakwe nta. Wala asikawie. Jua hufifisha rangi iliyo wazi na kuihifadhi iliyofunikwa, hata mtu abanduapo nembo baada ya miaka mingi huweza kuliona jina la mwuzaji likisomeka bado kama kivuli.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mambo ya magari imezuka hali ya tatu, ambayo wao hawakuiona: chema kilichokwisha kuuzwa, kikaendelea kumtembezea aliyekiuza biashara yake. Tuwafundishapo wanafunzi wetu viambishi vya umilikaji, tuwape na swali hili juu ya kila kitu walicho nacho, kuanzia daftari na shati hadi mkoba: ni nani aliyeandika hapa, aliandika kwa faida ya nani, na mwenye mali aliulizwa? Mwanafunzi awezaye kuyajibu hayo matatu ameielewa sarufi ya neno ya.