Nodi Nyepesi: Simu Inavyohakiki Malipo Bila Kubeba Daftari Zima

Mwenye duka Sigor, kaunti ya Bomet, akilipwa kwa bitcoin huuliza swali moja: malipo yameingia daftarini, yaani kwenye orodha ya miamala yote? Kompyuta inayokagua kila muamala tangu 2009 huitwa nodi kamili. Daftari lenyewe limeshapita gigabaiti 500. Simu yake huenda ina 64. Anachohitaji ni nodi nyepesi.

Nodi ni kifaa chochote kilichojiunga na mtandao wa bitcoin. Nyepesi ni ile inayoacha bloku zenyewe, yaani mafungu ya miamala, na kuchukua vichwa vyake tu, ambavyo ni muhtasari wa kila bloku. Satoshi Nakamoto, mbunifu wa bitcoin, aliieleza njia hii katika waraka wake wa 2008. Kichwa kimoja ni baiti 80. Kwa siku hutoka bloku 144 hivi, kwa hiyo vichwa vya siku nzima havifiki kilobaiti 12, na bando halishtuki. Vyote hadi bloku ya 840,000, ya Aprili 2024, ni megabaiti 67 hivi.

Ndani ya kila kichwa mna mzizi wa Merkle, uliopewa jina la Mmarekani Ralph Merkle. Miamala ya bloku hupigwa heshi, yaani hufupishwa kwa hesabu kuwa namba ya baiti 32. Heshi hizo huunganishwa mbili mbili na kupigwa tena mpaka ibaki moja. Simu huiomba nodi kamili tawi linalotoka kwenye muamala wake hadi mzizini. Bloku ikiwa na miamala 2,048, tawi ni heshi 11, yaani baiti 352. Simu hupiga hesabu yenyewe. Jibu likilingana na mzizi, malipo yamo. Wengi husubiri bloku sita, takribani saa moja, ndipo watoe mzigo.

Nodi nyepesi ina mipaka. Haikagui kanuni zote, hivyo hutegemea wachimbaji (wanaounda bloku) waaminifu wawe na nguvu kubwa kuliko walaghai. Nodi kamili haiwezi kughushi tawi, lakini yaweza kukuficha malipo, tena ikajua anwani unazofuatilia. Ndiyo maana programu nzuri huuliza nodi kadhaa.

Pochi nyingi za simu, yaani programu za kutunza bitcoin, si nodi hata kidogo: huonyesha tu salio lililoletwa na seva ya kampuni. Kabla ya kupokea malipo makubwa, soma maelezo ya pochi yako uone kama inapakua vichwa na kuhakiki matawi yenyewe.