Kengele ya Ulingoni Goma

Tangu alfajiri ile ya tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane mjini Kinshasa, masumbwi yamekuwa na heshima ya pekee nchini Kongo. Lakini huko Goma, chini ya mlima Nyiragongo, yalikuja kupewa kazi nzito kuliko ile ya kutafuta mshindi: kuwaponya vijana waliolelewa na vita.

Vita vilivyoanza mashariki mwaka 1996, na kumfikisha kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila Kinshasa mwezi wa Mei 1997, viliandamana na watoto waliobeba bunduki, ambao watu waliwapa lakabu ya makadogo, na makundi ya wapiganaji yaliyofuata hayakuiacha desturi ile ovu. Januari 2002 Nyiragongo nao ukatema moto, uji wake ukapita katikati ya mji hadi ziwani, ukawaacha maelfu bila makazi. Mji ukawa na maibobo waliolala barabarani, na vijana waliotoka msituni, ambao majirani waliwakwepa na hata jamaa zao waliwapokea kwa hofu.

Miongoni mwa waliokuwa askari utotoni ni Balezi Bagunda, mashuhuri kwa jina la Kibomango, ambaye, ingawa alipoteza jicho moja, alikuwa mwanamasumbwi, kisha mwalimu wa vijana wa namna hiyo hiyo katika uwanja wa Stade des Volcans. Wasichana nao waliingia katika mchezo huo mjini. Picha za mabondia wanawake wa Goma alizozipiga Mwitaliano Alessandro Grassani zilishinda mwaka 2019 kitengo cha michezo cha Sony World Photography Awards.

Wapo wanaouliza, na swali lao si la kupuuzwa, itakuwaje aliyelelewa kwa mapigano aponywe kwa mapigano. Naamini jawabu limo katika kengele. Vita alivyovijua kijana yule havikuwa na saa ya kukoma. Ulingoni, kengele ikilia, ngumi iliyokwisha kunyanyuliwa hurudi chini, na mahasimu wakakumbatiana kwa jasho lao.

Tena kabla ya kengele ya kwanza kuna shughuli nyingine, tulivu, ambayo mtazamaji aghalabu haitilii maanani: mazoezini, mabondia wawili huweza kufungana vitambaa vya mikono. Huyu humshika mwenzake kiganja, akazungusha kitambaa kwenye kifundo, akapitisha baina ya vidole, akakaza bila kuzuia damu, kwa kuwa mkono usiofungwa vema huweza kuvunjika. Naye ajua fika kwamba, punde si punde, mkono ule ule ndio utakaompiga.