Stesheni ya Nachingwea na Kufungwa kwa Reli ya Jimbo la Kusini, 1949–1962

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu stesheni ya Nachingwea ni mafupi: Waingereza walijenga reli kwa ajili ya karanga, karanga zikashindwa, reli ikafungwa. Sehemu hii inadai kwamba maelezo hayo, ingawa ni sahihi kuhusu chanzo cha reli, hayatoshi kueleza mwisho wake.

Chanzo hakina utata. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha Mpango wa Karanga nchini Tanganyika. Maeneo yaliyoteuliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa Jimbo la Kusini halikuwa na reli, njia ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Mtwara ikateuliwa kuwa bandari mpya ya kina kirefu. Mpango wenyewe ulisitishwa mwaka 1951.

Mfuatano wa matukio yaliyofuata ndio unaotia shaka maelezo hayo. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, na mwaka 1958 tawi la reli lilifika Masasi. Treni zilisimama mwaka 1962. Reli, basi, iliishi miaka 11 baada ya mpango ulioizaa, na katika muda huo ilirefushwa. Kushindwa kwa karanga peke yake hakuwezi kueleza kufungwa kulikochelewa kiasi hicho.

Sababu ya karibu zaidi imo katika muundo wa reli yenyewe. Haikuunganishwa na Reli ya Kati. Injini na mabehewa yalilazimika kuletwa kwa meli. Tena, ilikadiriwa kwa mavuno ya mashamba makubwa ya mitambo, lakini ikabaki na mazao ya wakulima wadogo, korosho zikiwamo, ambayo huja kwa msimu. Mapato hayakulingana na gharama za njia ya ukubwa huo.

Hivyo, ndani ya mwaka mmoja baada ya Uhuru wa Desemba 1961, wakulima hao waliachiwa barabara ambazo masika yalizifanya zisipitike kwa urahisi. Kuiita njia hiyo "reli ya karanga" tu ni kuwafuta katika historia yake watu walioihitaji baada ya karanga kwisha.