Kizimba Kando ya Ziwa Lililokaushwa

Nilianzia Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California, mbele ya kiwanja kitupu. Hapo ndipo uliposimama ukumbi wa ARCO. Tarehe 1 Juni 2008 watu zaidi ya 12,000 walijazana humo kumtazama Urijah Faber, kijana wao wa nyumbani, akitetea mkanda wa uzito wa unyoya wa mapigano mchanganyiko (MMA) dhidi ya Jens Pulver. Walipigana raundi zote tano, Faber akashinda kwa pointi. Ukumbi wenyewe ulibomolewa mwaka 2022. Nilizunguka mara moja, nikarudi garini.

Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kujua ilikuwaje umati ule ukalipa kiingilio kutazama wanaume wawili wa kilo 66, katika nchi ambayo mabwana wa mchezo huo waliamini kwamba mpiganaji mdogo hauzi tiketi. Kampuni iliyoandaa pambano lile iliitwa World Extreme Cagefighting, WEC kwa kifupi, na kwao hakukuwa Sacramento. Ilinibidi nishike barabara ya 99 kuelekea kusini, nipite Stockton, Modesto na Merced, mpaka Fresno, kisha niingie barabara ya 41. Kule harufu ya mazizi ya ng'ombe inakupokea kabla hujakiona kibao cha mji. Kushoto lozi, kulia pamba, na malori ya nyanya yaliyojaa hadi unaona huruma kwa zile zilizo chini. Mara ndege ya kivita inapasua anga, kwani kambi ya anga ya jeshi la majini iko jirani. Hapo umefika Lemoore.

Nje kidogo ya mji kuna ardhi ya Watachi, mojawapo ya jamii za Wayokut, wenyeji wa bonde hili kabla ya mzungu wa kwanza kutia mguu humo. Zamani walikaa kando ya Ziwa Tulare, ambalo kwa upana wake halikuwa na mfano kati ya maziwa ya maji baridi upande wote wa magharibi ya mto Mississippi. Wakivua, wakiwinda ndege, wakijenga kwa matete. Jina la ziwa lenyewe linatokana na matete hayo. Walowezi wakaiziba mito, maji wakayapeleka mashambani, na sakafu ya ziwa ikalimwa pamba. Watachi wakabaki na kipande kidogo kiitwacho Santa Rosa Rancheria. (Mwaka 2023, baada ya mvua na theluji isiyo ya kawaida, ziwa lilirudi likameza mashamba. Lilikuwa halijasahau njia.)

Juu ya kipande hicho limejengwa Tachi Palace, hoteli yenye ukumbi wa kamari. Niliingia mchana wa jua kali nikapigwa na ubaridi wa viyoyozi na mlio wa mashine mia zinazolia kila moja wimbo wake. Wazee walikaa mbele yake kimya, kidole kwenye kitufe, kama wanaongojea zamu kliniki. Nilitafuta picha ya mpiganaji ukutani, au bango la zamani, nisilione.

Lakini hapa ndipo ilipoanzia. Tarehe 30 Juni 2001, Scott Adams na Reed Harris waliandaa hapa usiku wa kwanza wa WEC. Pambano kuu lilikuwa la Dan Severn, mwanamieleka mwenye masharubu mazito aliyekuwa ametimiza miaka 43, dhidi ya Travis Fulton.

Kwa nini Lemoore, na California ina Los Angeles na San Francisco? Sababu ni sheria. UFC, kampuni kubwa ya mchezo huu, ilipoanza mjini Denver mwaka 1993 ilijitangaza kwa damu, na damu hiyo ikaitokea puani. Seneta John McCain aliufananisha mchezo na kupiganisha majogoo, akawaandikia magavana wa majimbo yote wautokomeze. Makampuni ya televisheni za kulipia yakajitoa. California iliandika kanuni za kuusimamia mwaka 2000, kisha ikaziacha kwenye makabrasha miaka mitano, huku New Jersey ikizichukua na kuzifanyia kazi. Muda wote huo promota hakuweza kupata kibali cha pambano la kulipwa mjini.

Lakini mkono wa kamisheni ya michezo ya jimbo haukufika kwenye ardhi ya makabila, maana kule kabila linajitawala. Na Machi 2000 wapiga kura wa California walikuwa wameyaruhusu makabila kuendesha kamari za mashine kama zile za Las Vegas. Kumbi zikawa na pesa, zikatafuta kitu cha kuwavuta watu siku za wikiendi. Huko San Jacinto, kwenye ardhi ya Wasoboba, kampuni ya King of the Cage ilikuwa imeshaanza tangu 1999. Watu waliosukumwa hadi pembeni kabisa ndio walioupa nafasi mchezo uliofukuzwa mjini. Sidhani kama walifanya hivyo kwa huruma. Ilikuwa biashara, na biashara nzuri. Hata hivyo naona ajabu kwamba katika simulizi nyingi za mchezo huu Watachi hawatajwi hata mara moja, kana kwamba kizimba kiliota chenyewe katikati ya pamba.

Kuhusu wapiganaji wepesi, mambo yalikuwa hivi. UFC ilikuwa haina kundi lolote chini ya kilo 70, na hata hilo la kilo 70 ililiweka kando baada ya BJ Penn na Caol Uno kutoka sare mwaka 2003 katika pambano la kuwania mkanda uliokuwa wazi. Pulver, aliyekuwa bingwa wa kwanza wa kundi hilo, alikuwa keshaondoka. Mtu mwembamba mwenye kipaji alipigania wapi? Alipigania kwenye kumbi za aina hii, mbele ya wakulima, wanajeshi na wacheza kamari waliotoka kupumzika.

Machi 10, 2006, California ilifungua mlango rasmi: kampuni ya Strikeforce ikaingiza watu zaidi ya 18,000 mjini San Jose. Wiki moja tu baadaye, Machi 17, huku Lemoore, Faber alimkabili Cole Escovedo wa Fresno, bingwa wa unyoya wa WEC. Raundi ya pili ilipokwisha, pambano likasimamishwa na mkanda ukabadili kiuno. Desemba mwaka huohuo kampuni ya Zuffa, waliokuwa wenye UFC, wakainunua WEC. Mwezi uliofuata onyesho likahamia Las Vegas.

Zuffa walijua walichonunua. Wazito wakaondolewa kundi baada ya kundi, wepesi wakabakizwa. Kizimba chenyewe kilikuwa na upana wa futi 25 hivi, wakati cha UFC kilikuwa na 30. Mtu hakuwa na pa kukimbilia. Mike Brown akampokonya Faber mkanda, José Aldo wa Brazili akampokonya Brown.

Niliketi kwenye maegesho ya Tachi Palace nikaifungua simu, nikatazama tena usiku wa mwisho wa WEC, tarehe 16 Desemba 2010, mjini Glendale, Arizona. Ni raundi ya tano, imebaki kama dakika moja. Ben Henderson, bingwa wa uzito mwepesi, yuko katikati. Anthony Pettis anaukimbilia uzio, anapanda hewani, mguu wa kulia unagusa waya, na kwa mguu uleule, kabla hajatua, anampiga Henderson teke la uso. Henderson anaanguka chali. Watangazaji wanapiga kelele zisizo na maneno. Ukipunguza kasi utaona waya wa uzio ukibonyea kidogo kisha ukirudi, kama chandarua kilichoguswa na mtoto. Henderson aliinuka akamaliza pambano, lakini majaji wote watatu walimpa Pettis.

Baada ya hapo WEC haikuwepo tena. Ilitangazwa kuwa imeungana na UFC. Samaki mdogo akiingia tumboni mwa papa hatusemi wameungana, ila siwezi kudai waliomezwa walipotea: Aldo alikabidhiwa mkanda wa UFC hata kabla hajarusha ngumi huko, na Dominick Cruz, bingwa wa kilo 61, naye akaingia akiwa bingwa.

Na Lemoore? Watachi hawakufunga ukumbi. Walianzisha mapambano yao wenyewe, Tachi Palace Fights, wakawapa nafasi wepesi kuliko wale wepesi, watu wa kilo 57 ambao hata WEC haikuwa na mkanda wao. Mwaka 2011 Ian McCall alimpiga hapa Jussier Formiga, kisha Darrell Montague, akatwaa ubingwa. Machi 2012 alikuwa Sydney, Australia, kwenye kizimba cha UFC, akipigana na Demetrious Johnson usiku ambao kampuni hiyo kubwa ilifungua kundi la kilo 57 kwa mara ya kwanza.