Roboti ya kujitengenezea (Butembo na Beni)

Roboti ya kujitengenezea ni mashine inayohisi mazingira yake, inayoamua kwa programu na kutenda kwa mota, iliyoundwa na mwanafunzi au fundi mwenyewe kwa vipande alivyonunua au alivyovichomoa kwenye vyombo vilivyokufa. Huko Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu Kaskazini iliyotengana kwa kilomita hamsini na kitu kwenye barabara ya taifa namba 2, kazi hii ina ugumu wake wa pekee. Kuandika programu ndiyo sehemu nyepesi. Kinachowashinda wengi ni umeme na vipuri, na kwa hiyo roboti inayofaa huku huanza kuchorwa baada ya mtengenezaji kujua ana betri gani na mota gani mkononi.

Mfano wa Kikongo unaojulikana zaidi uko Kinshasa. Mwaka 2013 zilisimamishwa kwenye njia panda za jiji hilo roboti za kuongoza magari zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi pamoja na wenzake wa chama cha Wotech. Zilikuwa na mwili wa alumini, zilitumia umeme wa jua, zilikuwa na kamera, na kifua cha kila moja kilizunguka kuwaonyesha madereva taa nyekundu au kijani. Baadaye zilifika hadi Lubumbashi. Nchi jirani ya Rwanda nayo ilipokea roboti tano Mei 2020 za kusaidia vituo vya wagonjwa wa Covid-19, lakini hizo zilitoka kwa kampuni ya Ubelgiji. Mwanafunzi wa Butembo atajifunza zaidi kwa zile za Kinshasa, kwani ukizifungua kimawazo unakuta paneli, betri, taa, mota na karatasi za alumini: vitu ambavyo fundi wa mjini kwake anavigusa kila siku.

Vyuo vipo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kilianza mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko. Beni ina Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo, UCBC, kilichoanza mwaka 2007. Masomo ni kwa Kifaransa zaidi, mazungumzo ya karakana ni Kiswahili na Kinande. Hata hivyo roboti ya kwanza ya kijana haihitaji chuo. Inahitaji meza, multimita na fundi wa redio au simu asiyechoka kuulizwa.

Vipuri na njia yake

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Kwa miaka mingi wakubwa wao wamekuwa wakifuata bidhaa Dubai na Guangzhou, na makontena yao hushuka Mombasa, hupita Kampala na Kasese, huvuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, kisha Beni, ndipo Butembo. Bodi ndogo ya Arduino au ESP32, yaani ubongo wa roboti, ikiagizwa hupita njia hiyohiyo, mara nyingi ndani ya mzigo wa mtu mwingine. Ikiungua, mbadala wake hauji kesho. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na ofisi za mkoa kuhamia Beni, njia ya Kasindi imezidi kuwa roho ya eneo hili.

Kwa sababu hiyo ni busara kuagiza kutoka nje vile tu visivyopatikana: bodi mbili (moja ya akiba), kiendesha mota cha L298N, kihisio cha umbali. Vingine vyote viko mjini. Printa iliyokufa ina mota za hatua na fito za chuma zilizonyooka kuliko utakazochonga mwenyewe. Kisomaji cha CD kina mota ndogo na reli. Gari lililokongoroka lina mota ya wipa ya volti 12, yenye gia yake ndani, inayozunguka polepole kwa nguvu kubwa. Mwili hukatwa kwenye tripleksi, na magurudumu ya mbao hayana aibu yoyote katika mkoa uliozaa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Betri

Hapa ndipo muda utumike. Betri ya kompyuta ya kupakata iliyotupwa mara nyingi huwa na seli sita za silinda za aina ya 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwa kawaida pakiti huwa imeuawa na seli chache tu, zilizobaki zingali hai. Pasua plastiki kwa ubapa wa kisu bila kuchoma ndani, tenganisha seli, pima kila moja. Iliyoshuka chini ya volti 2.5, au yenye kutu au iliyovimba, iwekwe kando na isichajiwe kamwe. Zilizobaki zichajiwe moja moja kwa bodi ndogo ya kuchajia ya TP4056, inayokata yenyewe seli ikifika volti 4.2. Wakati zinachaji, ziguse: inayopata moto haifai. Kisha ziache mezani siku kadhaa na upime tena. Iliyoporomoka bila kutumika inavuja ndani.

Kobalti iliyomo katika seli hizo huenda ilichimbwa upande wa Kolwezi, ikasafishwa China, ikazunguka dunia na kurudi Kongo ndani ya kompyuta iliyochakaa. Kijana anayeifufua seli kama hiyo anafanya kazi ya heshima kubwa, na walimu wangepaswa kumhesabia alama kwa hilo hata kabla roboti haijasogea.

Seli mbili zikifuatana hutoa volti 7.4. L298N yenyewe hula karibu volti 2 njiani, hivyo mota hubaki na 5.4 hivi, kiasi kinachozifaa mota ndogo za njano za kujifunzia, za volti 3 hadi 6. Anayetumia betri nne za tochi, volti 6 kwa jumla, hubakiwa na 4 tu, na roboti yake inatambaa.

Kuna hitilafu moja inayowakuta karibu wote. Roboti inasogea kidogo, inashtuka, taa ya bodi inazimika na kuwaka, programu inaanza upya. Halafu hivyo tena na tena. Mtu hukesha akirekebisha programu isiyo na kosa. Ukweli ni kwamba mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama hunyonya mkondo mara kadhaa ya ule wa mwendo wa kawaida, volti ya betri inaporomoka kwa kitambo kidogo, na chipu inazimika. Dawa ni kuipa bodi chanzo chake cha umeme mbali na mota, huku nguzo hasi za vyanzo vyote viwili zikiunganishwa pamoja. Kapasita kubwa kwenye nyaya za umeme inasaidia, na programu inaweza kupandisha kasi hatua kwa hatua badala ya kuruka hadi mwisho.

Ubongo na macho

Arduino Uno ina chipu ya ATmega328P yenye kasi ya megahezi 16 na kilobaiti 32 za kuhifadhi programu. Inatosha kabisa kwa roboti inayofuata mstari au kukwepa ukuta. Programu yake ya kuandikia ikishawekwa kwenye kompyuta, haidai intaneti. ESP32 ina nguvu zaidi na inaweza kuunda mtandao wake yenyewe wa Wi-Fi, hivyo simu huiongoza roboti uani bila kifurushi cha data. Tahadhari moja: miguu yake ya kuunganishia nyaya huvumilia volti 3.3 tu, ilhali kihisio cha umbali cha HC-SR04 hujibu kwa 5. Rezista ya omu 1,000 na nyingine ya 2,000 hugawa volti hiyo na kuishusha hadi 3.3.

HC-SR04 hupima umbali kwa mwangwi, kuanzia sentimita 2 hadi mita 4 hivi. Mifano mingi ya programu huchukulia kuwa sauti huenda mita 343 kwa sekunde, kasi yake katika hewa ya nyuzi 20. Mwinuko peke yake haubadilishi kasi hiyo; joto ndilo huibadilisha, kama mita 0.6 kwa kila nyuzi. Roboti iliyorekebishwa Butembo, mita 1,800 hivi juu ya bahari, asubuhi ya nyuzi 15, ikipelekwa Beni mchana wa nyuzi 28 itakosea karibu sentimita 5 katika kila mita 2. Ni somo zuri la fizikia ambalo kitabu hakilitoi, na barabara kati ya miji hii miwili inalitoa bure.

Usalama

Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa (état de siège) Mei 2021, na Beni imeumizwa na mabomu: kanisani Juni 2021, kisha katika mkahawa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Sanduku lenye betri, nyaya na taa inayomweka linaweza kuogofya watu kwa haki kabisa. Roboti isafirishwe ikiwa wazi, betri zikiwa zimetolewa, na mwenyewe awe na barua ya shule inayoieleza. Majaribio yafanyike shuleni, mchana. Ndege zisizo na rubani ziachwe kando kabisa. Anga hili lina vita, na kosa la mwanafunzi linaweza kugharimu maisha.

Kazi zinazofaa

Gari dogo la kukwepa ukuta ni zoezi jema, lakini mradi wa kumaliza masomo unastahili kazi ambayo mtu anaihitaji. Karibu na Beni kazi hiyo ni kakao. Baada ya kuchachushwa siku tano hadi saba, mbegu huanikwa na kugeuzwa mara kwa mara mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 7 hivi. Zikinyeshewa au zikibaki na unyevu, huota ukungu na bei huanguka. Meza ya kuanikia yenye reki inayovutwa na mota ya wipa, pamoja na turubai inayojifunga mvua ikianza, ni roboti kamili: inahisi, inaamua, inatenda.

Kihisio cha mvua chaweza kuwa nyaya mbili za shaba zilizolazwa sambamba juu ya kibao. Tone likiziunganisha, mkondo hupita na bodi inajua. Umeme ukiachwa humo muda wote, shaba hulika na kugeuka kijani ndani ya siku chache. Bodi na iziwashe nyaya kwa mguu wake mmoja, isome kwa milisekunde kadhaa, izizime, kisha irudie kila baada ya sekunde kumi: mvua ya Beni huanza ghafla, lakini sekunde kumi ni chache, na nyaya hizo zitadumu zaidi.